Mjukuu Wangu na Mtu wa Umeme

Ndugu msomaji, huenda ukacheka ukisikia kwamba mwanamke wa umri wangu, mwalimu mstaafu aliyeanza kushika chaki mwaka 1977, alikaa majuma mawili mbele ya televisheni akirusha radi kwa vidole vyake. Cheka, sikukatazi. Hata mimi nilicheka. Lakini nivumilie nikusimulie mambo yalivyokuwa, maana mwisho wake haukuwa wa kicheko.

Naishi Lugoba, kando ya barabara kuu itokayo Chalinze kwenda Segera. Wapita njia huijua Lugoba kwa machimbo ya mawe na malori yanayobeba kokoto kwenda Dar es Salaam. Mimi naijua pia kwa kaburi moja. Mwaka 2021 nilimzika hapa binti yangu, akaniachia mtoto wa kiume mwenye miaka 11. Tangu siku hiyo tunaishi wawili, mimi na yeye, na kwa utani wa bibi na mjukuu humwita mume wangu.

Mwezi Mei 2025 nilipata barua kutoka shuleni. Mume wangu huyo, aliyekuwa kidato cha pili na mtihani wa taifa ukimngoja Novemba, hakuwa ameonekana darasani kwa siku tisa. Kila asubuhi alikunywa chai, akaniaga kwa heshima, akaondoka na madaftari yake. Nilipouliza huku na huku nikaambiwa nikatazame katika banda la gemu karibu na kituo cha mabasi.

Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Nilikata fimbo ya mpera, nikaenda. Nilimkuta pembeni, mbele ya mashine kuukuu kuliko zote, PlayStation 3, ambayo wenziwe hawakuitaka tena. Nilipomshika sikio, mwenye banda alisimama akaniamkia. Kisha akasema, "Mwalimu, samahani. Huyu hachezi mpira kama wengine. Anacheza mchezo mmoja tu, peke yake, wala hajaumaliza hata mara moja. Akikaribia mwisho, anaanza upya."

Maneno hayo yalinisimamisha. Nimefundisha miaka mingi, ndugu msomaji. Mtoto mvivu huachia njiani popote. Mtoto anayeachia pale pale kila mara, huyo si mvivu. Kuna kitu katika ukurasa ule kinachomtisha. Fimbo nilirudi nayo nyumbani, ila sikuitumia. Nilimwambia kijana mambo mawili: kwanza, arudi shuleni kesho yake bila kukosa, pili, likizo ya Juni ikifika, mchezo huo tutaucheza wote wawili, mwanzo hadi mwisho. Alinitazama kama aliyesikia kwamba bibi yake amerukwa na akili.

Alitimiza lake, nami nikatimiza langu. Nilielewana na mwenye banda atukodishie mashine ile kwa majuma mawili, tukaifunga kwenye televisheni yetu ya sebuleni.

Mchezo wenyewe waitwa inFAMOUS, yaani mtu anayevuma kwa ubaya. Ulitolewa mwaka 2009 na kampuni ya Sucker Punch ya Marekani. Ni katika jamii ya michezo ambayo mchezaji huachiwa mji mzima azurure atakavyo, akiwa na nguvu zisizo za binadamu. Mwaka huo huo ulitoka mwingine uitwao Prototype, na mwaka 2013 ukatoka Saints Row IV, ambao ndani yake rais wa Marekani mwenyewe hupewa nguvu za kuruka juu ya maghorofa. Utaona kwamba watunzi wa michezo hii hawaogopi kutia chumvi.

Katika mchezo wetu, tarishi wa baiskeli aitwaye Cole MacGrath anapeleka kifurushi asichojua kina nini. Kinalipuka mikononi mwake. Mitaa kadhaa inateketea, maelfu wanakufa, yeye anaamka akiwa mzima, na mwilini mwake mna umeme. Maradhi yanazuka, serikali inaufunga mji, na wahuni wanauteka. Huyo Cole hurusha radi kwa viganja, huteleza juu ya nyaya kama mtoto juu ya ganda la mnazi, na mwishoni huita dhoruba kutoka mbinguni ikashuka pale anapotaka.

Siku ya kwanza vidole vyangu havikunitii. Nilipoambiwa nipande juu ya paa, nilitumbukia baharini nikafa, kwa kuwa mtu wa umeme hawezi maji. Mjukuu wangu alicheka hadi akashika mbavu. Mimi nilimkumbuka Fumo Liyongo wa hadithi zetu za pwani, shujaa asiyedhurika kwa silaha yoyote ila sindano ya shaba ikimwingia kitovuni. Nikamweleza kwamba watu wazima tangu zamani walijua jambo hili: shujaa asiye na mahali pa kudhurika hana hadithi.

Jambo jingine lilinipendeza. Nguvu za Cole si za bure. Zikimwishia, sharti akanyonye umeme katika nguzo ya taa au katika transfoma; na mtaa uliozimika humwacha dhaifu kama mimi na wewe, mpaka ashuke chini ya ardhi akaurudishe umeme. Kwa mtu wa huku kwetu hilo halihitaji maelezo. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, na njia yake kubwa ya kilovolti 400 inafika Chalinze, jirani zetu. Hata hivyo, jioni mbili taa zilizimika Lugoba tukiwa katikati ya vita, tukakaa gizani tukisimuliana. Jioni hizo hazikupotea bure.

Mchezo huu hukutaka uchague kila mara. Mapema kabisa chakula kinadondoshwa kwa ndege katika mji wenye njaa. Waweza kuwaachia watu wagawane, au kuwapiga radi ukachukua wewe na rafiki yako. Ukitenda mema, umeme wako huwa wa buluu. Ukitenda mabaya, hugeuka mwekundu. Mimi, nisikufiche, nilitaka kujua huo mwekundu ukoje. Mjukuu wangu alikataa katakata. "Bibi, hapana."

Ndipo nilipoanza kumtazama yeye badala ya mchezo. Barabarani mle hulala watu waliojeruhiwa, na Cole aweza kuwagusa, umeme ukawashtua, wakainuka. Hulazimishwi kufanya hivyo. Lakini mtoto yule hakumpita hata mmoja. Adui akiwa anamfyatulia risasi mgongoni, yeye anapiga magoti kumwinua mtu. Akiwa na safari ya maana, anashuka kutoka juu ya paa kwa ajili ya mwanamke aliyelala kando ya njia. Nilihesabu watu 40 katika jioni moja, kisha nikaacha kuhesabu, kwa kuwa macho yangu hayakuona vizuri tena.

Siku ya kumi na mbili tulifika kwenye ule ukurasa. Adui mkubwa, Kessler, amemteka Trish, mpenzi wake Cole. Amemtundika juu ya jengo moja, na juu ya jengo jingine amewatundika madaktari sita. Muda ni mfupi, nawe huwezi kufika kote kuwili. Mjukuu wangu aliniwekea mapajani kile kishikio ambacho vijana hukiita padi. Mikono yake ilitetemeka. "Chagua wewe, Bibi. Mimi hapa huwa narudi mwanzo."

Nilipanda upande wa madaktari, polepole, kwa vidole vyangu vizito. Niliwafikia. Yule binti akaanguka, akafa akiwa mikononi mwa Cole, akimsifu kwa alilolitenda. Ndipo mtoto alipolia, ndugu msomaji. Hakulia hivyo hata siku ya mazishi. Siku ile watu walimsifu kwamba ni mwanamume, nami kwa ujinga wangu nikamsifu pia.

Alipotulia alinieleza jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Usiku ule mimi nilikuwa Bagamoyo kwenye msiba. Mama yake alizidiwa. Mtoto alikuwa na njia mbili: akae amshike mkono, au akimbie kutafuta gari. Akakimbia. Aligonga milango mitatu kabla ya kumpata mwenye gari. Waliporudi, mama alikuwa amekwisha kukata roho, peke yake. Kwa miaka minne kijana wangu aliamini kwamba alichagua vibaya, na kwamba angebaki, mama angeishi.

Sikumjibu kwa maneno mengi. Nilimwambia kwamba mama yake aliugua ugonjwa ambao mkono wa mtoto haukuweza kuuzuia, na kwamba mtu anayekimbia gizani akigonga milango kwa ajili ya mama yake hakumwacha mama yake. Nilimwambia pia kwamba mimi nami hujilaumu kwa kwenda Bagamoyo. Alishtuka. Hakujua kwamba kuna mwingine humo ndani ya nyumba aliyekuwa akirudi mwanzo kila usiku.

Kisha nilimwuliza: je, tungekwenda kwa yule binti, angepona? Hakujua. Siku iliyofuata tulimpigia mwenye banda, ambaye amecheza njia zote. Akatuambia kwamba ukienda upande ule unamkuta mwanamke mwingine aliyewekwa kukudanganya. Trish mwenyewe alikuwa miongoni mwa wale madaktari. Hafiki mtu. Njia zote mbili zinaishia kaburini. Mjukuu wangu alikaa kimya kitambo kirefu, kisha akaenda kuchota maji bila kutumwa.

Jioni hiyo tulimaliza mchezo. Kessler alipokwisha kushindwa, ikadhihirika kuwa ni Cole yule yule aliyerudi kutoka siku zijazo, mzee aliyejawa na majuto kwa kuwa zamani alikimbia na familia yake badala ya kupigana. Tulirudisha mashine. Mtoto hajaiulizia tena. Shuleni hajakosa siku, na mwezi wa Julai tulikwenda pamoja kupalilia kaburi.

Wazazi wenzangu, sisemi kwamba mabanda hayo ni mema. Yanakula fedha za watoto na muda wao, na mtoto wa shule hana haki ya kuwamo saa za masomo. Fimbo yangu ya mpera ningali nayo nyuma ya mlango. Nasema tu kwamba kabla hujainyanyua, kaa kwanza karibu na mwanao utazame anachokitazama. Mpe mtoto nguvu zote za dunia, hata za kwenye kioo, kisha uangalie anazitumia kwa nani. Wangu alizitumia kumwinua kila mwanamke aliyelala peke yake barabarani, nami nilikuwa nimekwenda kumpiga.