Mchezo wangu wa ukurasa mmoja haulipi, na bado natengeneza mwingine



Kila nikiposti picha ya Gari ya Mwisho, lazima kuna mtu atauliza: "Na hiyo inalipa?" Leo najibu mara moja tumalizane. Tangu niitoe mwaka jana, imeniletea shilingi 2,340. Nimepiga kopi 280 kwa shilingi tano tano, hiyo ni 1,400. Nimebaki na 940. Hiyo ni chakula ya siku tatu, nne nikijikaza. Kwa hivyo hapana, hailipi. Sasa ngoja nikuambie kwa nini natengeneza ingine.

Kwa wenye hawajui, Gari ya Mwisho ni mchezo wa kuigiza hadithi mezani. Hakuna skrini, hakuna betri, hakuna bando. Mnakaa watu watatu au wanne, kila mmoja anakuwa mhusika, mnasimulia kwa kupokezana. Mkifika mahali hamjui mambo yataenda vipi, mnaachia bahati iamue. Unaweza kusema hayo ni mambo ya wazungu, lakini kumbuka shosho akisema "Paukwa!" nanyi mkijibu "Pakawa!" Tofauti ni kwamba hapa hakuna anayejua mwisho wa hadithi, hata shosho mwenyewe.

Mchezo maarufu zaidi wa aina hii ni Dungeons & Dragons, uliotoka Marekani mwaka wa 1974. Mimi niliujua kupitia Stranger Things, kama wengi wenu. Toleo la 2014 lina vitabu vitatu vikuu, na kila kimoja kina zaidi ya kurasa 300. Nilipoona hivyo nikajiambia, sawa, hivi ndivyo mchezo unafaa kuwa. Nikaanza kuandika wangu. Ulikuwa na falme saba, ramani, miungu, na bei ya kila aina ya upanga. Niliandika miaka miwili. Nilijaza madaftari matatu. Hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuucheza, kwa sababu haukuwahi kuisha.

Na hapo ndipo inabidi niseme ukweli mwingine. Si mchezo peke yake ambao sikumaliza.

Wengi mnajua niliacha chuo. Kitu sijawahi kusema hapa ni jinsi nilivyoacha. Mwaka wa pili nilikosa mitihani mitatu, nikaogopa kuenda kuulizia, nikakaa wiki moja, wiki ikawa mwezi, nikaacha kuenda kabisa. Mathe yuko Nakuru anauza mboga sokoni. Hakujua. Aliendelea kutuma pesa. Semista moja alituma karo, na mimi nikalipa nayo kodi ya nyumba na kula. Miezi saba akinipigia simu kila Jumapili akiuliza, "Masomo aje?" na mimi nikijibu, "Iko sawa, Mum." Mchana nilikuwa nakata video za watu kwa pesa kidogo, usiku nachora ramani ya falme saba. Nilikuwa najiona niko bize.

Halafu siku moja nikapata Lasers & Feelings. Ni mchezo wa John Harper, wa mwaka 2013, na wote ni ukurasa mmoja. Unachagua namba moja tu kati ya mbili na tano. Ukitaka kutumia akili na mitambo, unarusha dadu ukitafuta namba iliyo chini ya yako. Ukitaka kutumia moyo, unatafuta iliyo juu. Basi. Hiyo namba moja inatosha kuendesha hadithi ya wafanyakazi wa chombo cha angani jioni nzima. Nikatafuta zaidi, nikakuta Honey Heist ya Grant Howitt, ambapo nyote ni dubu mnaopanga kuiba asali. Nayo pia ni ukurasa mmoja. Nilicheka, halafu nikanyamaza. Mimi na falme zangu saba tulikuwa hatujafika popote, na huyu msee amewapa watu dubu wezi kwa karatasi moja.

Nikajipa jioni nne. Ikifika Ijumaa, kama imeisha au haijaisha, natoa.

Ndiyo ikawa Gari ya Mwisho. Mko kwa matatu ya mwisho usiku, kutoka Nairobi kuenda Nakuru. Kuna dere, makanga, mama wa mboga, soja anayetoka zamu, na mwanafunzi. Kila mmoja anaandika vitu viwili: kwa nini lazima afike usiku huu, na kitu anachoficha. Safari ina sehemu tano: Limuru, Kinungi, Naivasha, Gilgil, Nakuru. Kila mahali mnacheza tukio moja. Mvua, polisi, pancha, abiria wa kulewa, mnajua wenyewe.

Sikutumia dadu, kwa sababu dadu mpaka utafute mtoto mwenye Ludo. Nilitumia sarafu tatu za kumi bob, zile mpya zenye simba. Hata enzi hii ya M-Pesa, ukipanda matatu na noti utarudishiwa sarafu. Ukijaribu jambo gumu, unarusha zote tatu. Simba wawili au watatu, umeweza. Simba mmoja, umeweza lakini sehemu ya siri yako inatoka. Bila simba, umeshindwa na siri yote iko nje. Nilihesabu: kati ya njia nane ambazo sarafu zinaweza kuanguka, nne unaweza, tatu siri inavuja, moja mambo yanaharibika kabisa. Hiyo moja ndiyo hufanya watu wapige meza kelele.

Ijumaa nikaiweka itch.io. Kuweka ni bure, na unaweza kuiacha kwa bei ya sufuri, mwenye kutaka kuongeza kitu aongeze. Wiki ya kwanza ilipakuliwa mara 11. Saba walikuwa watu ninaowajua. Mbili nilikuwa mimi nikiangalia kama inafunguka. Kwa hivyo wageni wawili. Wueh! Nilifurahi na hao wawili kuliko nilivyowahi kufurahia chochote chuoni.

Halafu nikaenda saiba. Karatasi moja ya A4, ukiikunja vizuri na kuikata mkato mmoja katikati, inakuwa kijitabu cha kurasa nane. Hakuna gundi, hakuna stepla. Nimeuza 80 kwa shilingi 20, na 200 nimepeana tu: kinyozi, steji, kwa jirani. Hiyo ingine, 740, ni watu wa mtandaoni walioongeza kitu.

Kuna wanaopata pesa, sikatai. Juni 2020, baada ya George Floyd kuuawa Marekani, watengenezaji waliweka kazi zao pamoja itch.io kwa furushi moja la kuanzia dola 5. Kazi zilikuwa zaidi ya 1,700, na ndani mlikuwa na michezo mingi midogo ya mezani kama hii. Walichanga zaidi ya dola milioni 8, na pesa ilienda kusaidia watu, si kwa mifuko yao. Mimi huikumbuka hiyo kila mtu akiniambia karatasi moja ni kitu kidogo.

Sasa, kutoa kitu kuna uchungu wake. Miezi miwili baadaye msichana mmoja wa Mombasa alinitumia kitu chake: Feri ya Mwisho. Alichukua mchezo wangu, akaupeleka Likoni. Hakuna vituo, ni kuvuka tu, dakika 20 mmemaliza. Na alibadilisha sheria yangu ya simba mmoja. Kwake, siri yako haitoki hadharani. Unamnong'onezea abiria mmoja, na kutoka hapo ni yeye anaibeba.

Nilichemka, bana. Niliandika jibu refu la hasira. Kabla nitume nikasoma tena karatasi yake, nikaona jina langu liko pale chini, na nikaona sheria yake ni poa kuliko yangu. Na mimi nilikuwa nimetoa wapi mambo ya "umeweza lakini"? Kwa michezo ya watu. Lasers & Feelings yenyewe imegeuzwa na watu mara nyingi sana, na Harper aliwaachia wageuze. Nikafuta jibu. Sai karatasi yangu ina mstari mmoja chini: "Badilisha, tafsiri, piga kopi. Sema tu umetoa wapi." Ukitoa mchezo wako, andika huo mstari siku ya kwanza. Usingoje mpaka ukasirike.

Nilienda nyumbani Desemba na kopi 20 kwa bagi. Dadangu mdogo, yuko fom tri, akataka tucheze na binamu zetu. Mathe alikuwa hapo hapo akichambua sukuma. Dada akachagua mwanafunzi. Sasa, mimi nilikuwa nimechapa mifano ya siri kwa wenye wanakosa wazo, na mfano wa mwanafunzi ulikuwa: "Uliacha chuo, nyumbani hawajui." Dada akasema, hii ni kali, nachukua hii.

Tukafika Gilgil. Akarusha sarafu. Hakuna simba hata mmoja.

Binamu wakapiga kelele. Dada akasimama, akaigiza vizuri, analia uongo, "Mum, mimi niliacha shule kitambo." Watu wakacheka. Mathe hakucheka. Hakuwa anamwangalia dada.

Usiku, wengine wakilala, aliniuliza, "Hiyo siri ya mwanafunzi uliitoa wapi?"

Nikamwambia yote. Karo pia.

Siku mbili aliniongelesha mambo ya chakula tu. Siku ya tatu akaniambia, "Ungeniambia. Ningeuza hizo mboga nikijua nauzia nini." Mpaka leo hayo maneno hayajanitoka. Namrudishia 500 kila mwezi, ya kazi ya video, si ya mchezo. Hajafurahi kuhusu chuo na sitadanganya kwamba tuko sawa kabisa. Lakini Jumapili akipiga simu, sai ananiuliza kazi iko aje, na mimi namjibu ukweli.

Sisemi mchezo ulinisaidia kusema. Ningefaa kusema mwenyewe, kitambo, bila sarafu. Na sikuambii uache chuo. Kama unaweza kumaliza, maliza.

Ninachosema ni hiki. Kile kitu chako kikubwa kiko kwa daftari, au kwa simu yako chini ya "draft", kinakuambia unafanya kazi. Kinakudanganya. Kilinidanganya miaka miwili, na nilikipenda kwa sababu hakuna mtu angeweza kukisoma na kuniuliza swali. Kitu kidogo kikitoka, watu wanauliza maswali. Mgeni anakipakua. Msichana wa Likoni anakirekebisha. Mathe anakisoma. Ndiyo maana kutoa kunaogopesha, na ndiyo maana nasema utoe.

Kwa hivyo chukua karatasi moja. Mahali pamoja unapopajua, watu wanne, kitu wanachotaka, sarafu za kurusha. Jioni nne. Weka jina lako na tarehe chini, piga kopi, pea watu watatu. Ikiwa mbaya, umepoteza shilingi 15. Falme saba zilinipotezea zaidi.

Ingine yangu inatoka Ijumaa. Ni ya mama mboga na siku moja sokoni. Nilimtumia mathe aangalie. Alinipigia simu saa hiyo hiyo kuniambia bei ya sukuma nimekosea, na hakuna mama mboga anaweza kufungua kibanda saa tatu asubuhi.

Nimerekebisha.