Ngama na Kijiti cha Oili

Neno usukani lilikuwa la bahari kabla halijawa la barabara. Nahodha aliushika kwa karne nyingi, hata ilipokuja motokaa dereva akaliazima neno hilo, na mpaka leo hajalirudisha. Katika nchi ya Rufiji, mahali mto unapogawanyika mikono mingi na kumwaga maji yake mkabala wa kisiwa cha Mafia, sukani hizo mbili hukutana kila siku. Abiria hushuka garini Nyamisati akapanda chombo, na aliyeshuka chomboni hutafuta gari la kumfikisha Bungu, Kibiti au Dar es Salaam. Gari likikwama njiani, chombo hakimngoji mtu. Naye aliyekuwa akimkimbiza mgonjwa kutoka vijiji vya delta huona saa zikipita huku fundi akitafutwa kwa simu.

Ajabu ni kuwa mwana wa pwani hahitaji kufundishwa maana ya kukagua. Majahazi yaliyokuwa yakipakia boriti za mikoko katika delta hiyo, yakazipeleka Unguja, Arabuni na Ghuba, hayakutweka tanga kwa pupa. Nahodha alishuka kwanza kutazama maji ya ngama. Akipata mengi kuliko ya jana, alijua pana mshono uliofunguka, akaita watu wa kalafati. Alizipapasa kamba na kuukagua mpini wa usukani. Mjukuu wa nahodha huyo, akipewa gari, hutia ufunguo na kuondoka. Labda ni kwa sababu ngama ilikuwa wazi mbele ya macho, na injini imefunikwa boneti, na kitu kilichofunikwa watu hukiachia wenyewe mafundi.

Delta yenyewe ina kisa kikubwa cha mitambo. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliishambulia na kuizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, mbele ya mji wa Unguja. Pegasus ilikuwa imetia nanga pale kwa kuwa mitambo yake ilihitaji matengenezo; baadhi ya mabaharia wake walizikwa katika kisiwa cha Chapwani. Lakini mshindi naye hakufika mbali. Mtambo wake uliharibika, akarudi kujificha katika mikoko ya Rufiji, na vipande vilivyoharibika vikaburutwa nchi kavu na vibarua wa Kiafrika hadi Dar es Salaam kutengenezwa, kisha vikarudishwa. Waingereza wakaja kuziba milango ya mto, na tarehe 11 Julai 1915 manowari hiyo ikaangamia humo humo mtoni. Wanahistoria husimulia mizinga. Jasho la wale walioburuta vyuma porini hutajwa kwa sentensi moja.

Turudi kwenye boneti. Ngama ya gari ni kile kijiti cha kupimia oili. Gari likiwa mahali tambarare, injini ikiwa imepoa, kijiti huchomolewa, hufutwa kwa kitambaa safi, hurudishwa mpaka mwisho, kisha huchomolewa tena; kusoma kwa mara ya kwanza hakuna maana, kwani oili huwa imetapakaa kote. Kiwango kinatakiwa kiwe kati ya alama mbili. Ikipungua, vyuma husagana. Ikizidi, nayo ni madhara, ingawa wapo madereva wanaoamini kuwa kuzidisha ni ukarimu. Rangi nayo husema. Weusi ni kazi ya kawaida ya oili inayobeba masizi, lakini ikiwa na weupe wa chai ya maziwa, maji yameingia pasipopaswa, na safari hiyo iahirishwe. Katika nchi yenye madimbwi ya masika, rangi hiyo si ya kudharau hata kidogo.

Rejeta haifunguliwi ikiwa moto. Mvuke wake umekwisha kuunguza nyuso nyingi. Yafaa pia kukumbuka kuwa si kila maji ya delta ni matamu: bamvua hupandisha chumvi ndani ya mito, na anayechota popote ili ajazie rejeta hujitilia kutu kwa mkono wake. Chumvi hiyo hiyo hula chini ya gari, basi maji baridi ya kisima yamwagiwe huko chini baada ya safari za ufukweni. Mafuta ya breki yana kichupa chenye alama zake. Yakishuka, kuongeza tu hakutoshi, kwa sababu ama vitambaa vya breki vimelika ama pana mahali panapovuja.

Nchi hii hujaribu breki kuliko nyingine. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, lilipofunguliwa mwaka 2003, wasafiri wa kusini waliepukana na kungoja kivuko cha Ndundu. Lakini mto haukusahau tabia yake. Aprili 2024 ulifurika, na Mei mwaka huo huo kimbunga Hidaya kikaja na mvua zilizoikata barabara ya Lindi. Aliyevuka maji hukanyaga breki kidogo kidogo, mara kadhaa, ili zikauke kabla hajazihitaji. Na injini ikizimika ndani ya maji, ufunguo usiguswe tena: maji hayashindiliki kama hewa, na yakiwa yameingia kwenye mitungi, kuwasha kwa nguvu hupinda vyuma vya ndani. Gari lisukumwe kwa mikono mpaka pakavu, aitwe fundi.

Betri haina maneno mengi. Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vyake huoshwa kwa maji ya uvuguvugu yaliyotiwa magadi, na waya wa hasi ndio unaotangulia kufunguliwa.

Mzizi wa yote haya, hata hivyo, hauko kwenye vyuma. Dereva wa gari la abiria aghalabu si mwenye gari. Gari ni la tajiri, na jioni tajiri hudai hesabu yake. Dakika kumi za alfajiri ni abiria wawili waliochukuliwa na mwenziwe. Tajiri naye huona ukaguzi ni kazi ya dereva, dereva huona matengenezo ni mzigo wa tajiri, na kati yao hukaa abiria aliyelipa nauli, asiyejua lolote kuhusu mabishano hayo. Kumlaumu dereva peke yake ni kuonea.

Yabaki matairi, ambayo upepo wake hupimwa asubuhi yakiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa ubavuni mwa mlango wa dereva. Waliopunguza upepo ili wapite mchangani wajaze tena kabla ya kushika lami. La tano, lile la akiba, hulala chini ya mizigo mwaka mzima, na mara nyingi hukumbukwa siku tairi jingine linapopasuka. Ndipo hushushwa magunia, madumu na matenga ya samaki, abiria wakiwa wamesimama kivulini chini ya mkorosho, na dereva akalibonyeza kwa kidole gumba, akaona linabonyea.