Waraka kwa Mpwa Wangu Aliyenunua Nyumba Minnesota

Kipsongo, Kitale

Mpwa wangu mpenzi,

Mama yako goti lamsumbua kwa baridi ya mwezi huu, dada yako wa Bungoma amejifungua mtoto wa kike, na mahindi ya nyuma ya nyumba yamekwisha kubeba. Furaha tuliyoipata tuliposikia kwamba umenunua nyumba, tena nyumba mpya ambayo hajapata kulala mtu ndani yake kabla yako, sina haja ya kuieleza, kwani mama yako amekwisha kuieleza mtaa mzima, hata wasiouliza.

Lakini lililonikalisha kitako niandike, mimi ambaye mkono wangu siku hizi watetemeka, ni habari iliyonifikia kwa ndimi za watu kabla ya kunifikia kwa ulimi wako: kwamba umejifunga kwa mkataba na kampuni moja ya huko, uilipe dola 55 kila mwezi, nayo ikutengenezee kila kitakachoharibika humo nyumbani, na kwamba binamu yako alipokuuliza sababu, ulimjibu, “Sasa hata tanuru likifa usiku wa manane, mimi nalala tu.” Neno hilo la kulala ndilo lililoninyima mimi usingizi.

Bahati ni kuwa ulimpelekea binamu yako picha za karatasi zenyewe, naye akanionyesha katika simu yake, nikazisoma kurasa zote kumi na moja kwa miwani na kioo cha kukuzia, kazi iliyonichukua siku mbili. Na uniwie radhi, sidhani kama wewe uliyezitia sahihi ulizipa hata saa moja. Nimefahamu kwamba jambo hili si bima. Bima ya nyumba, ile ambayo benki iliyokukopesha ilikushurutisha uwe nayo, ni ya moto na dhoruba na wizi. Hii ni ya vitu kuchakaa kwa kutumika. Na bei yake hawakuiweka mahali pamoja, bali wameitawanya kama mtu afichaye fedha katika mifuko mitatu. Ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa, dola 55 kwa mwezi, ambazo ni 660 kwa mwaka. Ukurasa wa nne, kwa herufi za wastani, dola 100 kila fundi abishapo mlangoni, atengeneze asitengeneze. Ukurasa wa saba, kwa herufi ambazo lau si kile kioo nisingaliziona, kwamba kwa tanuru la kupashia nyumba joto hawatatoa zaidi ya dola 1,500.

Sasa tufanye hesabu. Wewe mwenyewe uliniambia tanuru jipya huko ni kama dola 6,000. Likifa mwaka huu, utakuwa umelipa 660, na 100 za fundi, na 4,500 zilizobaki juu ya kikomo chao, jumla 5,260. Faida yako katika msiba mkubwa kama huo ni dola 740 tu. Na lisipokufa? Miaka kumi ya kulala usingizi ni dola 6,600, nazo zingelinunua tanuru zima na chenji ikabaki.

Usidhani nasema haya kwa kuwa mimi ni mzee aogopaye kila kipya. Taa yangu ya jua, hii iniangaziayo niandikapo, niliinunua kwa amana ya shilingi 2,999 na shilingi 50 kila siku kwa mwaka mzima, watu wakidhani nimenunua taa ya shilingi 50. Mimi nilijua tangu siku ya kwanza kwamba ni taa ya shilingi 21,249, nikaridhia, nikalipa, na sikunung'unika. Mtu akijua bei akaikubali, hakudhulumiwa.

Mimi nilidhulumiwa pale ambapo sikujua, na kisa hicho hukukisikia kwangu, ulikisikia kwa baba yako, Mungu amrehemu, naye alikuwa akikisimulia kwa namna yake. Mwaka 1984, ule mwaka wa ukame ambao nchi ililishwa mahindi ya manjano, nilinunua injini ya dizeli kwa ajili ya kinu changu cha kusaga hapa Kipsongo, kwa shilingi 22,000, kutoka kwa mwuza mashine mmoja wa Eldoret. Injini ilikuja na dhamana ya mwaka mmoja. Mwuzaji, mtu mpole mwenye kalamu ya wino mfukoni, akaniambia kwamba kwa shilingi 1,200 zaidi aweza kunipa na mwaka wa pili. Nikatoa. Mwezi wa kumi na nne, wanawake wa Kiturkana wamepanga foleni na magorogoro yao ya mahindi mpaka nje, injini ikakohoa mara tatu, ikatoa moshi mweupe, ikanyamaza.

Fundi wa jirani, kijana wa chini ya mti, aliitazama akasema, “Mzee, nipe 3,000, kesho jioni unasaga.” Mimi nikamcheka. Nilikuwa na karatasi! Nikapeleka habari Eldoret, nikangoja siku tisa, na kila siku wateja wangu wakipita mbele ya mlango wangu kwenda kwa mwenye kinu wa pili, wengine wakinisalimu kwa huruma. Fundi wa kampuni alipofika alidai kwanza shilingi 300 za safari, kisha akauliza, “Daftari la kubadilisha oili liko wapi?” Oili nilikuwa nikiibadilisha kila wiki mbili kwa mikono yangu hii, kucha zangu zilikuwa nyeusi kwa ushahidi, lakini daftari sikuwa nalo. Akaandika kwamba injini haikutunzwa. Vipuri vikawa juu yangu, shilingi 2,600, na vikachukua siku saba nyingine kufika. Ujumlishe: 4,100, na siku kumi na sita za kinu kimya, badala ya 3,000 na siku moja. Baba yako alikisimulia kisa hiki katika harusi ya dada yako, mbele ya wakwe, watu wakacheka hata wakashika mbavu, ilhali unga aliokuwa akila mwaka ule ulisagwa kwangu bure, na magunia mawili aliyokopa sijalipwa hata leo. Nimesamehe. Nataja tu.

Basi narudi kwenye karatasi yako. Ukurasa wa nane wasema hawatatengeneza kitu ambacho hakikutunzwa ipasavyo, wala kilichokuwa na kasoro kabla ya mkataba. Ni daftari lile lile la oili, ila limevuka bahari.

Tena kuna jambo lililonikera kuliko yote. Binti wa shangazi yako anayesomea sheria huko St. Paul amenieleza kwamba sheria ya Minnesota humshurutisha mjenzi wa nyumba mpya kuidhamini: mwaka 1 kwa kazi mbovu na vifaa vibovu, miaka 2 kwa mabomba, umeme na mitambo ya joto na baridi, na miaka 10 kwa kasoro kubwa za jengo lenyewe. Tanuru lako, likiwa na ila ya uundaji au ya ufungaji, kwa miaka miwili ni mzigo wa mjenzi. Nawe wamlipa mtu mwingine akuahidi kipande cha haki uliyo nayo bure! Illa sheria hiyo nayo yataka ukiona kasoro umwarifu mjenzi kwa maandishi kabla ya miezi sita kupita. Nunua daftari leo.

Lau ungalinunua nyumba kuukuu, yenye mitambo ya miaka ishirini, na huna akiba, pengine ningekuambia vumilia. Lakini barua ya kampuni hiyo ya kukushawishi ilikujia kwa kuwa hati za nyumba huko zi wazi kwa kila atakaye kuzitazama, si kwa kuwa kuna mtu aliyekuhurumia. Dola 55 hizo ziweke kila mwezi katika akaunti usiyoigusa.

Na akiba hiyo usimkopeshe mtu kwa sababu tu anatoka Kitale.

Kwa hesabu yangu leo ni siku ya 19 tangu utie sahihi, na ukurasa wa tisa wasema kwamba ndani ya siku 30 waweza kujitoa na kurudishiwa fedha zako, lakini kwa barua, si kwa simu. Iandike, uipeleke posta, ubaki na stakabadhi, na nakala yake umtumie binamu yako anionyeshe. Kioo changu cha kukuzia kiko hapa mezani.

Wasalaam,
Mjomba wako