Mawe ya Singida na mguu wenye nundu

Anayeingia Singida mjini kwa basi la kutoka Dodoma hupokewa na mawe. Yapo nyuma ya nyumba, yapo kando ya barabara, mengine yamebebana kama magunia ya alizeti yaliyopangwa na mtu mwenye haraka. Jioni watoto huyakwea pekupeku kulitazama Ziwa Singidani, na msimu ukiwa mzuri huwaona heroe wakiwa wamesimama majini.

Watu wazima nao wangependa kupanda. Lakini kwa baadhi ya kina mama kinachowazuia si magoti wala pumzi, ni ile nundu iliyochomoza pembeni, pale kidole gumba cha mguu kinapoanzia.

Wengi hudhani ni mfupa mpya ulioota. Sivyo. Mfupa wa unyayo ulio nyuma ya kidole gumba husogea nje taratibu, kidole chenyewe kikawaegemea wenzake, na kiungo kilicho kati yake ndicho kinachojitokeza. Tatizo hili huwapata zaidi wanawake na mara nyingi hufuata ukoo, kwa hiyo bibi, mama na binti wanaweza kuwa nalo wote. Viatu vilivyochongoka mbele na visigino virefu hulizidisha. Dawa ya kuchua inaweza kutuliza maumivu, lakini hairudishi mfupa mahali pake.

Viatu vya wanaokwea miamba kwa kamba kama mchezo hubana vidole makusudi ili mguu ushike vizuri. Kwa mguu wenye nundu hayo ni mateso, na kwa mawe ya Singida havihitajiki. Wafugaji wa Kidatoga hupita kwenye mawe na miiba kwa katambuga, zile ndala za tairi kuukuu. Katambuga huacha vidole huru, ila mkanda wake ukikatiza juu ya nundu, safari huishia njiani. Fundi anaweza kuuhamisha mkanda nyuma kidogo. Ni kazi ndogo.

Raba za mtumba ndizo zinazowafaa wengi. Zinunuliwe jioni, kwa kuwa mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda. Simama juu ya kipande cha boksi, chora mguu ulio mkubwa, kata, kisha nenda nacho sokoni. Kilaze juu ya soli ya kiatu. Kikichomoza pembeni, kiache kiatu hicho hata kama muuzaji anakipunguza bei mpaka mwisho. Wengine hununua namba kubwa ili wapate upana, na matokeo yake kisigino hucheza, na wakati wa kushuka mguu mzima hukimbilia mbele. Kinachotakiwa ni upana mbele na kisigino kilichoshikwa. Pasiwe na mshono juu ya nundu, na tundu la kamba lililo karibu nayo lirukwe. Kiatu cha ngozi fundi anaweza kukitanua kwa kalibu ya mbao. Cha plastiki hakitanuki sana.

Kushuka ndiko kunakoumiza kuliko kupanda. Anayewaza kwenda Hanang, ule mlima wa zaidi ya mita 3,400 ulio jirani mkoani Manyara, ajaribu kwanza kwenye mawe ya mjini, tena yakiwa makavu. Jiwe kavu hushika soli vizuri, lakini baada ya mvua huteleza kama sabuni.

Kiungo kikivimba ghafla, kikawa chekundu na cha moto, hilo si suala la kiatu. Huenda ni jongo au maambukizi, na mtu aende kituo cha afya. Mwenye kisukari achunguze miguu yake kila siku, maana kiatu kinaweza kumchubua asihisi.

Upasuaji upo, na hufanywa na daktari bingwa wa mifupa pale maumivu yanapomzuia mtu kutembea, si kwa ajili ya kupendezesha mguu. Baada yake mguu hulindwa kwa wiki kadhaa, na uvimbe unaweza kubaki kwa miezi. Kwa hiyo mama mwenye shamba amwambie daktari mapema kwamba alizeti yake inavunwa kuanzia Mei, na kwamba nyumbani hakuna mwingine wa kuivuna.