Upepo Ndio Mzigo

Ufundi wa magari nilianza Malindi ya Mji Mkongwe, Zanzibar, nikiwa na miaka kumi na sita. Gari iliyonifunza zaidi ni Peugeot 404 ya petroli, teksi iliyokuwa ikiegeshwa Forodhani, mkabala na Beit el-Ajaib. Mwenyewe nilimwita Ami.

"Mwanangu, vijana wananipita njiani," aliniambia. "Iongezee mwendo."

Mimi nikakimbilia injini. Nilikata uso wa kichwa cha silinda ili hewa na petroli zibanwe zaidi, nikapanua na jeti za kabureta. Mlimani gari ikapanda kwa nguvu mpya. Kwenye tambarare mshale wa mwendo ulitoka kilomita 120 kwa saa ukafika 125 tu. Wiki ya tatu injini ikaanza kugonga: petroli tuliyokuwa tukiipata haikustahimili mbano ule. Pistoni moja ikatoboka. Kosa lilikuwa langu, na Ami alikaa mwezi mzima bila ya riziki. Mpaka leo linaniuma.

Jibu la kwa nini mwendo haukuongezeka nililipata msimu wa kusi, nikibeba bati ukingoni mwa bahari pale Forodhani. Nililishika likitazama upepo, likanirudisha nyuma. Nililigeuza ubavu, nikapita.

Baadaye nikajua hesabu ya upepo na mwendo. Mwendo ukizidi mara mbili, upepo hukinza mara nne, na nguvu ya kuushinda hutakiwa mara nane. Ndiyo maana injini iliyoongezwa nguvu kidogo haionekani kwenye mshale.

Basi nikaifungia injini ya Ami kichwa kingine na pistoni nyingine, nikairudisha kwenye vipimo vyake vya kiwandani. Tukafungua keria ya juu na kivuli cha chuma cha kioo cha mbele, tukapandisha vioo. Alfajiri, barabara ikiwa tupu, mshale ukagusa 130.

Peugeot wenyewe walilithibitisha jambo hili mwaka 1965 huko Montlhéry, Ufaransa. Waliichukua 404 ya dizeli, wakaiachia kiti kimoja na kuifunika juu ili upepo uteleze. Ilikwenda kilomita 5,000 kwa wastani wa kilomita 160 kwa saa.

Vijana mnaorithi magari haya, kagueni breki kwanza, kisha ondoeni kinachopigana na upepo. Injini iwe ya mwisho. Keria hufunguliwa na kurudishwa kwa spana. Kichwa cha silinda kikishakatwa, chuma kilichotoka hakirudi.