Tulikuwa Tumelala

Majengo ya Pumwani, Nairobi, nilikokulia, msako wa polisi ulikuwa na sauti yake. Mbwa walianza kubweka, injini ya Land Rover ikazimwa mbali kidogo na nyumba, kisha ukasikia buti. Bibi yangu alikuwa akipuliza koroboi, akafunga dirisha la mbao na kutuambia tulale kifudifudi. Asubuhi, tukienda kununua mahamri, mtu akiuliza nani kachukuliwa usiku, wakubwa kwa wadogo tulitoa jibu lile lile: sisi tulikuwa tumelala. Nyumba zenyewe zilikuwa za kuta za udongo. Kilio cha jirani kilipenya neno kwa neno.

Sisemi bibi alikuwa mwoga. Alizijua hesabu za mtaa. Kumwona askari akimpiga mtu kulikuwa mzigo kwa aliyeona, kwani ukienda kushtaki, unashtaki kituo kile kile, na huenda anayeandika maelezo yako akawa ndiye yule wa jana usiku. Miaka hiyo ya themanini polisi walichunguzwa na polisi wenzao, basi.

Tarehe 7 Julai 1990, siku ya Saba Saba, ghasia zilitufikia mlangoni. Uwanja wa Kamukunji uko jirani na Majengo. Kenneth Matiba na Charles Rubia, walioitisha mkutano wa kudai vyama vingi, walikuwa wameshakamatwa siku chache nyuma, lakini watu walikuja bila wao. Moshi wa vitoa machozi uliingia hadi jikoni, mama akatufunika nyuso kwa kanga iliyoloweshwa maji. Fundi mmoja wa mabati, jirani yetu, ambaye hakuwa na habari na siasa yoyote, alikuwa anafunga karakana yake alipokutwa na virungu. Walimvunja mkono. Magazeti yalichapisha picha za siku ile, ila mkono wa fundi haukupigwa picha na mtu. Hadi leo kisa chake kinaishi midomoni mwa wazee wa mtaa, na kila anayesimulia huubadilisha mkono, mara wa kulia, mara wa kushoto.

Nisiwapake watu wa mtaani mafuta kwa mgongo wa chupa. Miaka iliyofuata, pale Gikomba, nilishuhudia umati ukimvalisha tairi mvulana aliyeitiwa mwizi. Petroli ilikuwa imeshafika. Waliomwokoa ni askari wawili wa doria: mmoja alifyatua risasi hewani, mwenzake akamkokota mvulana hadi ndani ya duka la mitumba na kujifungia naye. Umati uliwatukana, ukawarushia mawe. Kwa hiyo nikisikia mtu anazungumza kana kwamba raia aliye kando ya tukio ana haki siku zote na mwenye bunduki ana makosa siku zote, huwa namkumbuka yule mvulana.

Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, kamera ya televisheni ilimnasa askari mjini Kisumu akimpiga risasi kijana asiye na silaha. Nchi nzima iliona. Tukasema sasa imekwisha, ushahidi gani tena? Mwaka 2010 mahakama ilimwachia huru askari aliyeshtakiwa, kwa sababu ushahidi wa risasi na bunduki haukushikana. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia zile, ilikuwa imehesabu watu 1,133 waliouawa, 405 kati yao kwa risasi. Mimi kesi ile ndiyo iliyonifunza kwamba picha haipandi kizimbani peke yake.

Hata hivyo picha ziliendelea kuongezeka, na wapigaji hawakuwa tena waandishi wa habari. Januari 2011 mpita njia alipiga picha kwenye barabara ya Lang'ata: washukiwa watatu waliokwisha kujisalimisha, kisha miili mitatu. Daily Nation ilizichapisha. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria mpya ya polisi, ambayo Jedwali lake la Sita linasema nguvu itumike pale tu njia za amani zinaposhindwa, na kwa kiasi kinacholingana na kosa. Ikaundwa pia Mamlaka Huru ya Kuangazia Utendakazi wa Polisi, IPOA, iliyoanza kazi mwaka 2012. Bibi alikuwa ameshafariki. Ningependa kumwambia kwamba sasa kuna mahali pa kushtaki ambapo si kituoni.

Mwisho wa Machi 2017 ilikuwa zamu ya Eastleigh, ng'ambo tu ya kwetu. Askari aliyevaa kiraia alimfyatulia risasi kijana aliyelala chini, mchana, mbele ya watu, na video ikasambaa. Kilichonishtua zaidi ni mazungumzo ya barazani. Wengi walimsifu askari. Genge la Superpower, ambalo kijana alidaiwa kuwa mfuasi wake, lilikuwa limewachosha wenye maduka; kila mtu alikuwa na simu iliyoporwa au ndugu aliyechomwa kisu. Kwenye Facebook kurasa zenye jina la Hessy, lililohusishwa na polisi, zilikuwa zikitoa picha za vijana na kuwaonya wajirekebishe, kisha zikatoa picha za maiti zao, na watu wakapongeza. Zamani mtaa ulinyamaza kwa hofu. Siku zile ulifungua kinywa, na ukapiga makofi.

Makofi hayo yalipungua, kwa maoni yangu, risasi zilipoanza kuwafikia wasiohusika. Machi 2020, siku za mwanzo za kafyu ya korona, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi Kiamaiko akiwa kwenye roshani ya kwao, anawatazama polisi wakifukuza watu barabarani. Kosa lake lilikuwa kutazama. Juni 2025 ikawa zamu ya mchuuzi wa barakoa katikati ya jiji. Alipigwa risasi kichwani, karibu kabisa, wakati wa maandamano, na simu za watu zikiwa zimeelekezwa pale pale. Alifariki tarehe 30 mwezi huo. Askari alishtakiwa kwa mauaji, na sidhani mashtaka yangekuja upesi vile bila zile simu.

Majuzi nilikuta ukamataji Gikomba. Watu wawili waliovaa kiraia walikuwa wamemkaba kijana wa mkokoteni. Mama mboga mmoja alitoa simu chini ya leso, akasimama hatua kadhaa nyuma, akauliza kwa adabu, "Afande, jina lako ni nani, na mnampeleka kituo gani?" Yule mtu akafoka, "Zima hiyo!" Mama hakuzima, wala hakusogea mbele. Mwanamume mwingine alianza kumvuta kijana kwa mkono, na mara hiyo hiyo bastola ikachomolewa. Wazee wakamrudisha nyuma yule mvutaji, bastola ikarudi kiunoni, na kituo kikatajwa. Jamaa za kijana walimkuta huko jioni, mzima.

Nilimuuliza mama kama angekubali kuandikisha maelezo iwapo mambo yangeharibika. Akacheka. "Mwanangu, video nitakupa. Jina langu usitaje."

Namwelewa. Sheria ya kulinda mashahidi ipo tangu 2006, lakini shahidi anayelindwa huenda akahamishwa, na kibanda cha sukuma wiki hakihamishiki. Serikali ikitaka mashahidi maskini wajitokeze, iwawekee pia fedha za kuishi.

Wewe mwenye nafasi kidogo kumshinda yule mama, ukishuhudia tukio, simama mbali, usiguse mtu, usiikate video wala kuiwekea muziki. Hifadhi ile ya asili, andika saa na mahali. Kisha usinitumie mimi wala kundi la WhatsApp la mtaa. Ipeleke IPOA na uandikishe maelezo. Ofisi ziko Nairobi, Mombasa, Kisumu na kwingineko, na malalamiko hupokelewa bila malipo.