Kibarua na Karatasi Yake

Miongoni mwa malalamiko yanayosikika mara kwa mara katika makongamano yetu ni kwamba Kiswahili kingali nyuma katika uwanja wa teknolojia. Wanaolalamika hutaja mvutano wa tarakilishi, kompyuta na ngamizi, kisha wakahitimisha kuwa tunaunda maneno ambayo mtumiaji wa kawaida hayatumii. Sikusudii kuurejelea mjadala huo wote hapa. Ninakusudia kulizungumzia neno moja tu, ambalo halikuundwa na jopo lolote, na ambalo kila alfajiri husimama kando ya barabara pale Kawangware likisubiri kuchukuliwa. Neno lenyewe ni kibarua. Dai langu ni kwamba neno hili linaeleza sehemu moja ya teknolojia ya leo kuliko istilahi yoyote ninayoijua, na kwamba linaieleza vyema kwa sababu ya historia liliyoibeba.

Mimi ni mwanafunzi wa fasihi wala si mhandisi. Ninaishi Kawangware, na kila Jumamosi hutembea hadi Kibera, ambako vijana wapatao kumi hukutana katika chumba kimoja mtaani Makina kujisomea kazi ya kusimamia mitambo ya kompyuta. Hapo awali niliitwa niwasaidie kuandika barua za kuomba kazi. Punde si punde nikatambua kuwa barua hazikuwa tatizo. Vijana hawa waliweza kukariri maelezo ya Kiingereza neno kwa neno, lakini mmoja wao alipoombwa aeleze kwa maneno yake nodi ni nini na kwa nini huondolewa, alinyamaza. Katika usaili, kimya cha namna hiyo humnyima mtu ajira. Basi nikaanza kuuliza maswali ya mtu asiyejua, nao wakalazimika kunijibu kwa Kiswahili.

Tuanze na jina. Kubernetes ni programu iliyotolewa kwa umma na kampuni ya Google mwaka 2014, na kazi yake ni kuratibu programu nyingine zinazoendeshwa katika kompyuta nyingi kwa pamoja. Jina hilo ni la Kigiriki, lenye maana ya mshika usukani wa chombo cha baharini. Ndiyo maana nembo yake ni usukani. Neno hilo hilo lilipitia Kilatini, likaingia Kifaransa na Kiingereza, na hatimaye likatufikia sisi kwa umbo la gavana. Kwa hiyo kila Mkenya aliyemchagua gavana wa kaunti yake tangu mwaka 2013 amelitumia neno lenye nasaba moja na Kubernetes pasipo kujua. Mimi nilipendekeza tuiite nahodha. Vijana wa Makina wakaipa jina jingine: nyapara. Hoja yao ilikuwa nzito kuliko yangu. Nahodha husafiri na chombo chake, ilhali nyapara husimama na orodha mkononi, akagawa kazi na kuwahesabu waliofika.

Na hivyo ndivyo mfumo huu unavyofanya kazi. Kuna upande wa unyapara, unaopokea maagizo, na kuna kompyuta zinazoifanya kazi yenyewe, ambazo wataalamu huziita nodi za wafanyakazi. Kila nodi ina wakala mdogo anayemwarifu nyapara mara kwa mara kuwa nodi yake ingali hai. Taarifa hizo zikikatika kwa muda unaokaribia dakika 1, nyapara huiandika nodi hiyo kuwa haiko tayari. Na ikizidi kunyamaza, kwa kawaida baada ya dakika 5 kazi zake hupewa nodi nyingine. Kazi zikiongezeka, nodi mpya huajiriwa. Zikipungua, idadi hupunguzwa. Kompyuta zenyewe haziko Kibera. Hukodishwa kwa saa kutoka katika kile kinachoitwa wingu, ambalo kwa hakika ni majumba ya mashine: Cape Town, kwa mfano, ambako Amazon ilifungua vituo vyake mwaka 2020, au Johannesburg, ambako Google ilifungua vyake mwaka 2024.

Sasa tulitazame neno letu. Kibarua, kwa asili, ni barua ndogo. Mfanyakazi wa kutwa alipewa kikaratasi cha kuthibitisha kazi yake, akakirejesha ili alipwe. Hatimaye jina la karatasi likamshika mwenye karatasi. Nodi nayo haina asili nyingine ila karatasi. Mhandisi wa leo akitaka kukodi kompyuta huandika faili kwa kutumia zana kama Terraform, iliyotolewa na kampuni ya HashiCorp mwaka 2014, au OpenTofu, iliyochipuka kutokana nayo mwaka 2023 baada ya masharti ya leseni kubadilishwa. Katika faili hiyo haorodheshi hatua za kufuatwa. Hueleza hali anayoitaka: nataka vibarua 3, wa nguvu kadha wa kadha, wasipungue 2 wala wasizidi 6. Zana huyasoma maandishi hayo, ikayalinganisha na daftari lake la vitu vilivyopo, ikaonyesha yatakayoongezwa na yatakayoondolewa, kisha ikangoja idhini.

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa methali imegeuka kuwa kanuni ya kazi. Daftari likipotea, zana haiwatambui tena vibarua iliyowaajiri yenyewe, nao wataendelea kumlipisha mwenyewe kila saa, tena kwa dola. Vivyo hivyo, manahodha wengi chombo huenda mrama: watu wawili wakiliandikia daftari kwa wakati mmoja huweza kulivuruga, na ndiyo sababu hutiwa kufuli mtu mmoja anapolitumia.

Ili asirudie kuandika yale yale, mhandisi huyafunga maandishi yake katika moduli. Moduli ni kama fomu yenye nafasi wazi. Fomu ile ile iliyoajiri vibarua 2 wanyonge wa majaribio huweza kesho kuajiri vibarua 6 wenye nguvu wa kazi halisi, almuradi nafasi zijazwe upya. Kwa vijana wa Makina faida yake ni ya mfukoni. Kwanza hufanya mazoezi bila malipo katika kipakatalishi kimoja wanachopokezana. Wakisha kuridhika, huchanga pesa, wakakodi kompyuta za mbali kwa saa moja, kisha kwa amri moja wakawaachilia vibarua wote. Maandishi hubaki, na Jumamosi ifuatayo huwaita tena.

Kwetu sisi wa Kiswahili kuna faida nyingine. Ingawa maneno ya msingi ya zana hizi ni ya Kiingereza, majina ya moduli na ya nafasi zake huchaguliwa na mwandishi. Vijana hawa wameiita moduli yao vibarua, na ndani yake mna idadi_ya_chini na idadi_ya_juu. Zana iliyapokea majina hayo bila kinyongo.

Wahandisi wa ughaibuni wana tashbihi yao mashuhuri. Husema kompyuta zichukuliwe kama ng'ombe, zisichukuliwe kama paka wa nyumbani. Paka akiugua hutibiwa, ng'ombe akiugua huondolewa, akaletwa mwingine. Kijana mmoja aliyelelewa Kajiado alicheka aliposikia hayo. Kwao kila ng'ombe ana jina na ukoo, na akiugua boma zima halilali. Tashbihi iliyokusudiwa kumrahisishia somo ilimpotosha, kwa kuwa ilibuniwa na watu wasiowajua ng'ombe wao kwa majina. Kibarua hakuhitaji kuelezwa.

Hata hivyo, kwangu mimi kibarua si neno jepesi. Marehemu baba alikuwa kibarua katika kiwanda kimoja huko Viwandani kwa miaka 11. Wakati huo tukiishi Laini Saba, naye aliifuata reli kwa miguu alfajiri na jioni. Hiyo ni miaka 11 ya kuajiriwa upya kila siku. Asubuhi moja alifika langoni akakuta jina lake halimo katika orodha. Hakuelezwa sababu, na lango likafungwa. Nyumbani tulisema, kama lugha inavyosema, kwamba kibarua kimeota nyasi.

Sasa tazama, msomaji, jinsi nodi inavyoachishwa kazi. Kwanza hutiwa alama ili isipewe kazi mpya. Kisha kazi ilizo nazo huondolewa hatua kwa hatua na kuanzishwa kwingine, kila moja ikipewa muda wa kumaliza ilichokuwa ikifanya; muda huo kwa kawaida ni sekunde 30. Mwenye programu aweza pia kuandika sharti kwamba kazi zake zisiondolewe nyingi kwa mpigo. Baada ya hayo yote ndipo mashine huzimwa. Nilipoelezwa utaratibu huu kwa mara ya kwanza, nilishindwa kuuliza swali jingine. Mashine isiyo na mtoto wa kulipiwa karo huandaliwa muago ambao baba hakuandaliwa. Mashine hazina huruma. Ni kwamba mtu fulani aliketi akauandika muago huo, na nyapara akaufuata kama ulivyoandikwa.

Kibera yenyewe yaijua nguvu ya karatasi. Waliopewa makazi pale mwanzoni mwa karne ya 20 ni askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles, na jina Kibra ni neno lao, lenye maana ya msitu. Waliishi kwa vibali vya jeshi pasipo hatimiliki. Hadi Juni 2017 ndipo jamii hiyo ilipokabidhiwa hati ya ekari 288. Kuanzia mwaka 1920, aidha, wanaume Waafrika nchini walilazimishwa kubeba kipande, karatasi iliyokuwa na alama zao za vidole na habari za mwajiri. Kibali, kipande, kibarua: yote ni maneno ya karatasi, na katika yote aliyeshika kalamu ndiye aliyeamua nani abaki na nani aondoke.

Kwa hivyo ninapendekeza tuseme kibarua kwa nodi, nyapara kwa upande unaoongoza, daftari kwa kumbukumbu ya zana, na kumpakua kibarua kwa kule kumwondolea mizigo kabla hajaachiliwa. Watakaopinga watasema kuwa neno hili linadhalilisha. Ninawajibu kwamba waliodhalilishwa ni watu, na kulificha neno hakutawarejeshea haki yao. Vijana wanaojifunza kuziandika karatasi hizi huko Makina ni watoto na wajukuu wa waliozibeba. Baadhi yao watakuja kuandika mifumo inayowaita na kuwaachisha kazi binadamu wenzao, na ni heri wawe na neno litakalowakumbusha tofauti ya kibarua mwenye njaa na kibarua asiye nayo.

Aliye na neno bora kuliko hili na alilete. Ila alilete kwanza Makina siku ya Jumamosi, tuone kama litaeleweka.